Nusu Yangu na Nusu ya Mkwe

Rwamgasa,
14 Machi 1982

Mama, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kuku wako na mihogo yako. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika kwa kazi ya kuinama kutwa.

Utashangaa mkwe kukuandikia. Hata mimi najishangaa. Tangu nimuoe Lukresia, mwaka wa nne huu, sijawahi kukuambia neno hata moja, na ndivyo adabu yetu inavyotaka: mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawakai pamoja, hawali pamoja. Mwezi wa kwanza nilipokuja kulima nilikuona unatoka kisimani, nikajitupa kwenye mahindi ya jirani, nikaangukia siafu. Lukresia alicheka mpaka akakaa chini. Basi sina njia nyingine ila karatasi.

Shida yangu ni hii. Lukresia ameniambia kwamba sanduku la vitabu vya kijiji liko nyumbani kwako, na ufunguo umepewa wewe baada ya kufaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima, hatua ya nne. Mama, huku Rwamgasa dhahabu ipo, mbu wapo, magomvi yapo, cha kusoma hakuna. Juzi nimesoma gazeti lililofungiwa sukari. Nimepata nusu ya habari, nusu nyingine ilikwenda na sukari ya mtu mwingine. Nilimtafuta yule mtu nikamkosa, na mpaka leo sijui yule mbunge alijibiwa nini.

Naomba kitabu. Chochote kile. Fikirini, mfanyabiashara wa dagaa, anapita huku akitoka Nkome kuja kwenu Ushirombo, na akirudi anapita tena. Ni mtu mwaminifu, atakifikisha.

Na wewe mwenyewe, Mama, sasa hivi unasoma nini?

Nisamehe kwa usumbufu.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
2 Aprili 1982

Mkwe wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, Lukresia hajambo, na mwanao Otmar ameota jino na ananiuma nalo. Pole na mgongo. Pole na siafu pia. Nilikuona, nikajifanya natazama mawingu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Ni barua ya kwanza kuandikiwa mimi na kusomwa na mimi. Zote zilizotangulia nilisomewa na katekista, na katekista akifika penye utamu anakohoa. Basi nimefurahi, sifichi.

Ufunguo ni kweli ninao. Mwenyekiti alitaka apewe ndugu yake, lakini ndugu yake anavuta tumbaku, na kijiji kizima kinajua mvuta tumbaku akikosa karatasi anafanya nini. Kwa hiyo sheria ya sanduku langu ni moja: kitabu kinarudi na kurasa zake zote. Nitazikagua.

Unauliza nasoma nini. Nilimaliza cha kufuga kuku, sikukubaliana nacho. Kinasema kuku ajengewe banda lenye madirisha mawili, na mimi mwenyewe nina moja! Baada ya hicho nikaingia kwenye Mgeni wa Chumba cha Nyuma. Ni habari ya mpelelezi huko Tanga. Mtu ameuawa katika nyumba ya wageni na mlango umefungwa kwa ndani. Nilikisomea jikoni, mboga ikaungua, tukala ugali na chumvi, na sikujuta. Nimekimaliza, nakuletea. Muuaji namjua. Sikwambii. Ila mtazame sana yule anayejitolea kusaidia kila kitu.

Ukifika kwenye maziko niandikie unamshuku nani.

Mkweo,
Mama Lukresia


Rwamgasa,
30 Mei 1982

Shikamoo sana, Mama.

Poleni na kazi za shamba. Sisi huku tunaendelea, ila mvua zimezidi. Shimo letu la kuchimbia, duara kama wanavyoliita huku, limejaa maji na tunayachota kwa ndoo.

Kitabu kilifika kikinuka dagaa, lakini kizima. Nilikusudia kukisoma peke yangu, haikuwezekana. Mkubwa wa duara letu anaitwa Makoye, Msukuma wa Shinyanga, mtu mnene mwenye sauti. Alinikuta nacho mchana tukisubiri maji yapungue, akauliza, "Hicho kinasemaje?" Nikamsomea ukurasa. Akasema endelea. Kesho yake wakaja na watu wa duara la jirani. Makoye hajui kusoma, lakini kusikiliza kimya hawezi pia. Mpelelezi akishika kitasa cha mlango, yeye anapiga kelele, akimwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Usiingie huko!" Ikafika siku akakataa kushuka shimoni mpaka ajue ile damu kwenye shuka ilikuwa ya nani. Kazi ilisimama, ikabidi nisome mpaka jua likaegemea.

Mimi nilimshuku daktari. Yaani ulinidokeza kabisa na bado nikakosea! Ulijuaje, Mama? Ulijua ukiwa umefika wapi? Nimerudi nyuma kutafuta nilipopitwa, naona ni pale muuaji anapowapokea wageni mizigo hata kabla hawajaomba.

Kitabu nakirudisha. Nilikificha ndani ya debe la unga muda wote, wavuta tumbaku wasikione. Pamoja nacho nakuletea kingine, Duka la Marehemu. Nimepewa na mtu aliyekuwa anarudi kwao Lindi. Ni familia inayogombea duka. Fikirini ana haraka na sijakimaliza, kwa hiyo wewe ndiye utakayeniambia duka lilikwenda kwa nani.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
18 Julai 1982

Mkwe wangu,

Marahaba. Tuko salama, mavuno si mabaya, Otmar anatembea hatua mbili na kukaa. Msalimie Makoye, mwambie alifanya vizuri. Mtu mzima hawezi kushuka shimoni na wasiwasi.

Lakini wewe umeniletea kitabu gani? Nasoma kwa amani zangu, mara yule kijana anaingia kwa mama mkwe wake, anakaa naye mkeka mmoja, wanakula sahani moja, na anamwambia samaki wako hana chumvi! Nilikifunga. Nilikipandisha kwenye kichanja, juu kabisa, nikakaa nikitazama mlango kwa haya kana kwamba ni mimi niliyekutwa hapo. Kisha nikaanza kujiuliza, hivi hawa watu wa Lindi wakishakaa hivyo, wanasemezana nini? Ikanikera, ikanikera, nikakishusha. Wanasemezana bei ya nazi. Basi! Nikaona nimejisumbua bure.

Duka alipewa binti mdogo, na alistahili, ingawa mwandishi anatuchosha sana na habari za mahakamani.

Sasa sikiliza. Kwenye sanduku kimeingia kitabu kinene, Mke wa Stesheni Masta. Ni stesheni ndogo ya reli katikati ya pori. Bwana Sabiti ndiye stesheni masta, mkewe ni Bi Mwanne. Siku moja huyo Bi Mwanne anaacha birika linachemka jikoni, anapanda treni ya mizigo na kwenda zake, bila sanduku, bila kuaga. Kwa nini? Amekwenda wapi? Hayo ndiyo ya kutafuta kitabu kizima.

Kitabu ni kimoja, na mimi siwezi kukuachia kabla sijamaliza, na wewe nikikueleza zaidi hutalala. Kwa hiyo nimefanya dhambi ya mtunza maktaba. Nimekata uzi wa mgongoni kwa wembe. Nusu ya kwanza nimeshaisoma, hiyo inakuja kwako. Nusu ya pili ninayo mimi. Zikirudi pamoja nitazishona kwa katani, na hatajua mtu.

Mkweo,
Mama Lukresia


Rwamgasa,
5 Septemba 1982

Mama, shikamoo.

Nashukuru kusikia mko salama. Mimi nilikuwa na malaria kidogo, imepita.

Mama, umetutesa! Unajua nusu ya kwanza inaishia wapi? Bwana Sabiti anaumwa homa, anasikia hodi, anajikokota, na mstari wa mwisho unasema: "Alifungua mlango, na aliyekuwa amesimama pale ni". Ni! Ni nani? Niligeuza karatasi, nikakuta uzi wako uliokatwa. Makoye alidhani nimeificha nusu nyingine, akapekua mpaka blanketi langu.

Sasa duara zima lina ubishi. Makoye anasema mlangoni ni Bi Mwanne amerudi. Wengine wanasema ni polisi. Mimi nadhani ni yule fundi wa reli, kwa sababu ndiye aliyewaona watu wote siku ile na hajaulizwa na mtu.

Na kwa nini aliondoka? Hapa wengi wanasema kulikuwa na mwanamume. Mimi sikubali. Kila siku treni zinapita mlangoni kwake, anazipungia mkono, yeye hajapanda hata moja. Nadhani alitaka tu kujua reli inaishia wapi. Wewe unaonaje? Nieleze bila kunifungulia siri, na ukimaliza nusu yako unitumie upesi. Hii ya kwanza nabaki nayo ili uzishone zote kwa pamoja.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
23 Januari 1983

Mkwe wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Nimechelewa. Mafuta ya taa hayapatikani dukani, na mchana ni shamba.

Nusu ya pili hiyo hapo. Nimeimaliza. Ni nzuri. Bwana Sabiti alinitia hofu na homa yake lakini mwishowe alipona. Habari ya Bi Mwanne, nakubaliana na wewe.

Usiniulize sana, kazi ni nyingi.

Mkweo,
Mama Lukresia


Rwamgasa,
13 Machi 1983

Shikamoo, Mama.

Natumaini hamjambo, ingawa leo naandika na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ni juu yako.

Naomba unielewe, siulizi kwa ujeuri. Bwana Sabiti haponi. Anakufa, Mama. Anafia mlangoni, kurasa chache tu baada ya nusu ya pili kuanza. Nilipofika pale Makoye alivua kofia. Mtu aliyepasoma pale hawezi kusahau, tena msomaji kama wewe.

Nikatoa barua zako zote nikazipanga. Ile ya kwanza, herufi ni ndogo na zimekaa vizuri juu ya mstari. Ile ya Julai zimekua. Hii ya Januari kila herufi ni kubwa kama yai, na mstari mmoja umepanda juu ya mwenzake. Halafu barua yenyewe fupi, wewe ambaye kuku tu ulinieleza nusu ukurasa.

Nusu ya pili hukuisoma. Na sidhani kama ni mafuta ya taa. Ni macho, Mama? Niambie. Lukresia sijamwambia lolote.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
8 Mei 1983

Mkwe wangu,

Marahaba. Anayeandika ni Lukresia, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike ninachosema na asiongeze chake.

Kwanza, umeniulia Bwana Sabiti. Nilikuwa bado naye! Nilimwacha na homa, nikamwombea hata kanisani, Mungu anisamehe, na wewe unakuja na barua kuniambia amekufa.

Pili, ni kweli. Ni macho. Lilianza la kushoto mwaka juzi, kama moshi pembeni, nikadhani ni moshi wa jikoni. La kulia likafuata. Ile nusu ya pili niliishika miezi, nikaigeuza juani, nikaisogeza puani, sikupata hata neno moja. Nikaona aibu kukuambia, nikatunga. Barua zako mbili za mwisho nilisomewa na katekista, na baada ya hii ya Machi nilimwambia Lukresia, akanipeleka hospitali. Daktari alimulika akasema presha ya macho imeua mishipa, haina dawa ya kuirudisha wala miwani. Sasa mlango nautambua kwa mwanga wake tu. Wewe ukipita mbele yangu nitadhani ni mgomba.

Nilijifunza kusoma nikiwa na mvi, mkwe wangu. Nilikaa kwenye benchi na mabinti wa kuzaa mwenyewe, wakinicheka nikishika kalamu. Nikasema moyoni, hii sasa ni yangu mpaka kufa. Na imechukuliwa. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Wenzangu wa kisomo wanajaribu kunisomea, ila wanatamka herufi moja moja, wakifika mwisho wa neno nimeshasahau mwanzo wake. Katekista anataka maisha ya watakatifu tu. Lukresia anasoma kama mtu anayechambua maharage, na jana alisinzia katikati ya sentensi. (Mimi Lukresia: sikusinzia, nilifumba macho kwa sababu ya jua.) Nasikia kalamu inakwenda na mimi nimenyamaza. Umeandika nini? Futa. (Sifuti.)

Kitabu kaa nacho, nusu zote. Hapa nani atanisomea?

Mkweo,
Mama Lukresia


Rwamgasa,
19 Juni 1983

Mama, shikamoo, na pole sana.

Barua yako niliisomea mbali na watu, nikalia, sioni haya kusema. Makoye anakupa pole pia. Ameuliza kama kuna dawa ya miti, nikamwambia daktari ameshasema.

Nimewaza nikufanyie nini, nikaona jambo moja liko ndani ya uwezo wangu. Nusu ya pili nimeisoma mara mbili. Nimekaa Jumapili nzima nikaandika kwa ufupi yote yaliyomo: aliyekuwa mlangoni, Bi Mwanne alishukia wapi, kwa nini aliondoka, na mwisho ulivyokuwa. Iko kwenye karatasi ya pili, nyuma ya hii. Lukresia akusomee taratibu, na akisinzia umwamshe. Angalau utajua, na moyo utatulia.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
27 Novemba 1983

Mkwe wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mkono ni wa Lukresia, mdomo ni wangu.

Karatasi yako ya pili iliwashia moto wa maharage. Lukresia alifika "Basi, Mama, aliyekuwa mlangoni", nikamnyang'anya. (Na mimi nilitaka kujua.) Miezi yote hii sikukujibu kwa sababu ya hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki na aibu, maana najua ulikusudia mema. Lakini nikuambie usirudie. Mimi sikuomba habari ya kitabu. Nataka kitabu. Nataka maneno yake moja moja kama yalivyokaa. Nataka nidhani ni huyu, kumbe ni yule. Nataka nibishane na mwandishi. Wewe umeshakula nyama halafu unaniletea maelezo kwamba ilikuwa laini!

Mwenyekiti amekuja kuchukua ufunguo. Amesema kipofu hatunzi vitabu. Sikubishana, nilimpa mkononi. Sanduku limehamia kwa ndugu yake. Mke wa Stesheni Masta nimewaambia kimepotea, kwa hiyo sasa mimi ni kipofu na pia mwongo, na wewe unafuga kitabu cha wizi ndani ya debe la unga.

Hicho ndicho kitabu changu cha mwisho, na niko katikati. Linaniuma sana hilo. Ninapoamka naamka nalo, kabla sijakumbuka hata kuku. Watu wananiambia shukuru uzima, na nashukuru, lakini nataka kujua Bi Mwanne alikwenda wapi, na nataka kulijua kwa njia yake.

Mkweo,
Mama Lukresia


Rwamgasa,
15 Januari 1984

Shikamoo, Mama.

Nimepokea maneno yako na nimekubali kosa. Uliyoyasema ya nyama nilimsomea Makoye, akasema wewe ungefaa kusimamia duara.

Mwezi wa pili nakuja kulima, na kitabu nakuja nacho, nusu zote. Nataka nikusomee mwenyewe. Lakini nikae wapi? Hapo ndipo ninapokwama, na nimeumiza kichwa kweli.

Nilifikiri nikae nje, nyuma ya ukuta wa jiko, na wewe uwe ndani. Tukajaribu huku, mimi nje ya kibanda, Makoye ndani. Kila baada ya mstari alikuwa anaita, "Amesema nini huyo?" Ili unisikie kupitia udongo itabidi nipaze sauti sana. Nikamwandikia baba yangu kumwomba ruhusa, akanijibu kwa ukali: mwanamume akionekana anapiga kelele nje ya nyumba ya mama mkwe wake, watu watajua jambo moja tu, kwamba ndoa imevunjika na amekuja kudai ng'ombe wake wa mahari. Watakuja kutuamua. Na kusema kweli ana haki. Mimi mwenyewe ningepita nikaona hivyo, ningedhani ni ng'ombe.

Nilifikiri pia nisimame kwenye mihogo na wewe ukae mlangoni umenipa mgongo. Lakini huo ni mwezi wa mvua, na kitabu hiki kikilowa ndiyo basi.

Kukaa ndani siwezi hata kutamka. Nisaidie kufikiri, Mama. Kusoma najua, pa kukaa ndipo sijui.

Mkweo,
Clemens


Ushirombo,
9 Februari 1984

Mkwe wangu,

Marahaba, na baba yako umpe salamu zangu za heshima. Habari ya ng'ombe imenichekesha mpaka nikamwaga uji.

Nyuma ya jiko hapana. Kwenye mihogo hapana. Majirani watamsikia Bi Mwanne kabla yangu, na hilo sikubali.

Nimefanya hivi. Nilimwambia Lukresia anishike mkono, tukaenda kwa wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu. Nikawaeleza nina mkwe ambaye anajua kusoma, na mimi nina kitabu ambacho sijakimaliza. Wakasema mila ni mila. Nikasema naijua, nimeishika tangu Lukresia aolewe, mkwe wangu ameliwa na siafu kwa ajili ya mila hiyo. Ila naomba mniambie, inakataza nini hasa? Wakasema inakataza kutazamana. Nikawauliza, kati yetu sisi wawili, nani sasa anamtazama mwenzake? Mzee Bujiku, mkubwa wao, akasema jambo hilo halijawahi kuulizwa. Nikamwambia basi leo limeulizwa. Walinong'ona wee, mwisho akasema chakula kila mtu ale kwake, hilo halina mjadala. Mengine hakuyataja. Nikamshukuru nikaondoka upesi kabla hajayakumbuka.

Kwa hiyo utaingia ndani, mkwe wangu. Utapiga hodi mlangoni mchana kweupe, watu waone, na Lukresia atakukaribisha. Nimemwambia atandike mkeka karibu na dirisha penye mwanga. Mimi nitakaa upande wa pili na khanga yangu.

Macho haya nayalaani kila ninapoamka, na sitakudanganya kwamba nimeacha. Lakini yangekuwa mazima ningekufa sijawahi kusikia sauti yako, sauti ambayo watu wanaacha dhahabu chini ya ardhi ili waisikilize. Na mimi kila siku nimekuwa nikiisoma tu. Nilipoliwaza hilo nililia, Lukresia ni shahidi. (Ni kweli.)

Usinijibu barua hii, njoo tu. Na usiogope kuinua kichwa unapogeuza ukurasa. Kutazamana kunataka macho ya wawili, na yangu hayapo. Nani atakuwa amemtazama nani?

Mkweo,
Mama Lukresia